Mgongo ulivunjika saiti, bili ikahamia nyumbani

Dada Hawa ana daftari. Ni lile la kawaida la shule, jalada la bluu, nyuma lina tebo ya kuzidisha, analiweka juu ya kabati la vyombo pembeni ya boksi la glavu. Ndani kaandika kwa peni: pampasi, glavu, spiriti, mpira wa mkojo, mfuko, bajaji kwenda, bajaji kurudi. Tarehe, kitu, bei. Alianza kuandika baada ya watu wa ukoo kwenye grupu la WhatsApp kuanza kuulizana hela za michango zinaishia wapi, sa akaona isiwe tabu, kila mia inayotoka anaiandika.

Mgonjwa mwenyewe ni mdogo wetu, mtoto wa mama mdogo, hapa nitamwita Saidi ingawa sio jina lake. Ana miaka 27. Alikuwa saidia fundi kwenye ghorofa la mtu binafsi huko Goba, Dar, kwa siku 15,000, chakula juu yake. Siku hiyo mida ya saa tano asubuhi alikuwa juu ya jukwaa la mirunda anapokea matofali, mrunda mmoja ukakatika, akashuka mita tatu na kitu hivi akafikia makalio kwenye rundo la kokoto. Hakutoka damu hata tone, na nadhani ndo maana kila mtu pale alichukulia poa. Wakamnyanyua watu wanne, wawili mabegani wawili miguuni, katikati kajikunja kama jamvi, wakamkalisha kwenye ndoo, wakampa maji. Yeye anasema jamani miguu siisikii. Akaja mzee mmoja akasema huo ni mshtuko tu, avutwe miguu itarudi. Akavutwa. Kisha wakampakia kwenye bajaji, kichwa kwenye mapaja ya mwenzake, miguu imening'inia nje, na barabara za Goba mnazijua.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba saiti ile ilikuwa imejaa mbao. Marini bodi zimepangwa ukutani kama kadi. Mtu aliyeanguka hivo akasema hasikii miguu, au hata analalamika shingo au mgongo tu, hanyanyuliwi kama kiroba, anaachwa alale alivo, mmoja anashika kichwa kisicheze, wengine wanamgeuza mwili mzima kwa pamoja kama gogo, ubao unapita chini, anafungwa, ndo anabebwa. Sio utaalamu wa ajabu, ni kitu cha kufundishwa kwa nusu saa. Inawezekana Saidi alishaumia vya kutosha pale kwenye kokoto, hilo hakuna atakayelijua, ila safari ya bajaji haikumsaidia.

Naandika haya kwa sababu kila nikisoma habari za watu kuumia kazini naona zinahesabu waliokufa, zinataja majeruhi "wanaendelea vizuri", halafu basi. Kwa aliyevunjika mgongo hapo ndo kwanza mambo yanaanza. Na ninachotaka kusema ni kimoja tu, kwamba mgongo ukivunjika kazini bili ipo palepale, kinachobadilika ni nani anabebeshwa, na sisi hapa tumeshaamua, tena kabla mtu hajapanda hata jukwaani, kwamba atabeba dada mtu.

Kwanza tuelewane kuhusu mgongo wenyewe maana tunauchanganya. Kuna mifupa, zile pingili, 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno na nyingine huko chini zilizoungana. Katikati ya pingili kuna tundu, na humo unapita ugwe mgongo, kitu laini, unene kama wa kidole kidogo, urefu kama sentimita 45, unaanzia chini ya ubongo na kuishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutembea, kukojoa, haja kubwa, mambo ya ndoa, hata jasho, amri zote zinapita humo. Mtu anaweza akavunjika pingili ugwe ukabaki salama, akafungwa mkanda, akalala miezi, akarudi kazini. Lakini pingili ikipasuka vipande vikaingia kwenye lile tundu ndo mtu anasema miguu haipo. Mfupa unaunga. Ugwe ukishakatika hakuna dawa hadi leo ya kuuunga, si Muhimbili, si India, si Marekani, na anayekuuzia dawa ya kuchua ya kufufua mishipa anakula hela yako.

Na kuanguka kuna tabia yake. Ukifikia makalio au visigino, uzito wote unapanda kwenye uti na unaenda kupasukia pale kifua kinapoishia na kiuno kinapoanza, kwa sababu juu ya hapo pingili zimeshikwa na mbavu hazichezi, chini ya hapo kiuno kinacheza, sa pale kwenye maungio ndo panapobeba lawama. Saidi ni hapohapo, pingili ya 12 ya kifua na ya 1 ya kiuno. Daktari alivyoona picha hata hakushangaa, aliuliza tu, "Huyu ni wa saiti au wa mnazi?"

Swali zuri sana lile, nimelifikiria mara nyingi. Maana kwetu huku watu wanaovunjika migongo wakitafuta riziki ukiwapanga utaona wanatoka sehemu zilezile. Wa majukwaani na kwenye mapaa. Wakwezi wa minazi na wagema. Wachuma karafuu, wakata miti. Wachimbaji wadogo ambao kifusi kinawafunika wakiwa wameinama. Kuli anayebeba gunia la lumbesa kichwani akateleza, huyu mara nyingi ni shingo, na ukivunjika shingo hata mikono inaondoka. Bangladesh kuanguka na mzigo kichwani kunajulikana kabisa kama chanzo cha watu kupooza, na mimi kila nikipita Kariakoo nikaona kijana kapachika balo la mitumba kichwani anapanda nalo ngazi roho inaniruka. Halafu kuna majengo yenyewe kuanguka na watu wakiwa kazini ndani yake. Mtaa wa Indira Gandhi Dar, Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, walikufa watu zaidi ya 30 na saiti ilikuwa inaendelea na kazi sikukuu hiyo. Kariakoo Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, watu wako madukani wanauza, zaidi ya 20 wakafa. Tulihesabu maiti, tulivyomaliza tukaondoka.

Na bodaboda je? Bodaboda akigongwa anaandikwa ajali ya barabarani wakati barabara ndo ofisi yake. Hiyo mada ni kubwa, naiacha.

Ila ona hapo kwenye kuandikwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na majeraha ya ugwe mgongo, na vyanzo vikubwa ni kuanguka, barabara na ukatili. Sawa. Kwenye faili la Saidi paliandikwa "ameanguka kutoka juu". Basi. Haikuandikwa kutoka juu ya nini, kilichokatika ni nini, alikuwa anamfanyia nani kazi, na hilo la mwisho ndo lilikuwa na hela ndani yake. Kesi ya kazini ikageuka kuwa mtu kaanguka, kama vile kadondoka kitandani.

Sisi tuna neno "ajali" na tunalipenda. Ajali haina kinga, ilikuwa imepangwa, tushukuru Mungu yuko hai. Mimi nina imani yangu na siwezi kubishana na mipango ya Mungu, lakini ule mrunda nimeuona. Ulikuwa mrunda wa mwaka wa tatu, umeshikilia slebu za nyumba nyingine mbili kabla ya ile, una ufa wa urefu wa mkono, umefungwa kamba ya katani pale misumari ilipokataa. Jukwaa la bomba za chuma linakodishwa, lipo. Fundi mwenyewe aliniambia kwamba kwenye makadirio yake alikuwa ameliweka, na mwenye nyumba alivyopunguza bei ndo kitu cha kwanza kilichokatwa, kwa sababu jukwaa haliachi kitu. Tailzi unaziona, geti unaliona, jukwaa likishaondoka huwezi kumwonyesha mgeni.

Najua kuna atakayesema vibarua wenyewe wabishi, ukiwapa kofia wanavua, mkanda hawautaki. Kweli, na mimi nimewaona. Ila mkanda wa kujifunga unahitaji mahali pa kuufunga, sasa pale aufunge wapi, kwenye mrunda wenye ufa? Na wanalipwa kwa kasi, fundi analipwa kwa tofali analolaza, saidia fundi akichelewa kupeleka tofali anatukanwa mama yake, na kesho haitwi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, inataka sehemu za kazi zisajiliwe na zikaguliwe, na miradi mikubwa ya barabara na madaraja ukipita unaona vibao, vizibao vya kung'aa, mikanda, kila kitu. Ghorofa la mtu binafsi, chini ya mti kuna jiko la mama ntilie na juu kuna watu kumi na nne kwenye mirunda, hapo hakuna kibao.

Sasa tuje kwenye hela.

Hospitali waliyompeleka jina siliweki, ni moja ya zile kubwa. Mapokezi walimpokea vizuri, nisiwasingizie. Kipimo cha CT, kipimo cha MRI, kitanda, dawa, na halafu ikaja karatasi ya vyuma, yani skrubu na fimbo za kushikiza mgongo ambazo hazitengenezwi hapa. Pamoja na operesheni tukaambiwa tuandae milioni 4 na nusu. Duniani siku hizi madaktari wengi wa mgongo wanataka mtu kama huyo afunguliwe ndani ya masaa 24, kwa sababu ugwe unaendelea kuumia kadiri unavyokandamizwa. Saidi alifunguliwa siku ya 19. Siku ya 19 sio kwamba daktari alikuwa hajui, ndo siku ambayo mama mdogo alipata mteja wa kiwanja chake cha Kisarawe, tena kwa bei ya kutupa maana mnunuzi akijua una mgonjwa anakukalia.

Kwenye zile siku 19 kikatokea kitu ambacho kwenye karatasi za bei hakikuwepo. Kidonda. Mtu asiyesikia kuanzia kiunoni kwenda chini hajui kama kalalia upande mmoja masaa sita, mimi na wewe tunajigeuza usingizini bila kujua, yeye hapana, nyama inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, inakufa. Siku ya kwanza ni wekundu tu pale juu ya makalio. Siku ya nne ni lengelenge. Dada Hawa anasema siku aliyofunua bandeji ngumi yake ingeenea.

Hapa kuna historia ambayo naipenda sana. Mpaka miaka ya vita kuu ya pili, mtu akivunjika ugwe wa mgongo alikuwa kama maiti anayesubiri, wengi walikufa ndani ya miaka miwili hivi, na kilichowaua hasa ni vidonda vya kulalia na mkojo kuoza ndani. Mwaka 1944 daktari mmoja mkimbizi kutoka Ujerumani, Ludwig Guttmann, akapewa wodi ya wanajeshi waliopooza pale Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuja na mashine. Alikuja na ukali: kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku, na mkojo uangaliwe kama dhahabu. Watu wakaacha kufa. Julai 1948 akawashindanisha mishale wagonjwa 16 wa viti vya magurudumu, na kule ndo ilikotoka Paralimpiki. Kwa hiyo kitu kilichobadilisha maisha ya waliopooza duniani kilikuwa mikono ya watu wa kumgeuza mtu mara kumi na mbili kwa siku, na mikono ni ile inayokosekana kwenye wodi yenye wauguzi wawili na wagonjwa hamsini. Kwetu mikono hiyo inaitwa ndugu. Kama ndugu anaruhusiwa kuingia saa za kuona wagonjwa tu, basi usiku ni wa kidonda.

Kile kidonda kilikula mwaka na nusu. Kusafishwa kila siku, chachi, maji ya chumvi, asali, dawa za kuua vijidudu, mara mbili kulazwa upya homa imepanda. Ukichukua daftari ukajumlisha mistari yote inayohusu kidonda inapita ile milioni 4 na nusu ya vyuma. Hilo ndo lilinifanya nikae chini. Operesheni tuliililia ukoo mzima, harambee, viwanja, machozi, na bado ilikuwa ndo sehemu ndogo ya bili.

Na mkojo hivohivo. Aliruhusiwa kwenda nyumbani na mpira wa kudumu na mfuko, hakuna aliyekaa naye kumwelekeza kitu kingine, akawa anapata UTI mpaka tukazizoea kama mafua. Baada ya mwaka ndo kijana mmoja wa mazoezi ya viungo, tena alikuja kwa ajili ya jirani, akamfundisha kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira msafi mara nne tano kwa siku kisha unautoa. Njia hiyo ilitangazwa na daktari wa Marekani, Jack Lapides, mwaka 1972! Miaka zaidi ya hamsini. Haihitaji umeme wala mashine, inahitaji maji, sabuni, mpira, na mtu wa kukaa na wewe lisaa limoja bila haraka. Toka ajifunze, kwenye daftari sindano zimepungua na figo zake zina nafuu.

Nilikaa na dada Hawa tukapiga hesabu ya mwezi mmoja wa kawaida, sio wa kulazwa. Pampasi tatu kwa siku, kama 120,000. Glavu maboksi mawili, 30,000. Mipira na mifuko, 20,000. Vitu vya kidonda, 60,000. Bajaji ya kwenda kliniki mara mbili, na lazima iwe ya kukodi maana kitimwendo hakipandi daladala, 60,000. Jumla 290,000. Saidi alipokuwa mzima, akifanya kazi siku 24 kwa mwezi, alikuwa anapata 360,000. Yani ule mshahara aliokuwa analetea familia sasa familia inautoa, karibu uleule, na hapo hujanunua unga.

Mstari mkubwa kuliko yote haupo kwenye daftari. Dada Hawa alikuwa na meza ya mihogo na samaki jioni, pale kituoni, kwa siku mbaya anatoka na elfu kumi. Meza ameuza. Kumgeuza mtu kila masaa mawili na kukaanga mihogo haviendi pamoja, na mgongo wake mwenyewe sasa hivi unauma kwa kumnyanyua mwanaume wa kilo 70 kutoka kitandani. Nikamwuliza mbona hii hujaiandika, akanitazama kama nimeuliza ujinga. "Sasa hiyo namwandikia nani, kaka?"

Hilo jibu linaelezea mambo mengi. Wamarekani wana kituo cha takwimu za majeraha haya pale Birmingham, Alabama, na makadirio yao ni kwamba aliyeumia shingoni juu, mwaka wa kwanza peke yake unapita dola milioni 1, na aliyepooza miguu tu unapita laki 5. Ukisoma unacheka, unasema hao wazungu wanaibiana. Wanaibiana kidogo, ndiyo, hospitali zao ni ghali kupita kiasi. Lakini sehemu ya ile hela ni mikono ya kumgeuza mtu usiku, na mazoezi ya miezi, na kitimwendo kilichopimwa kwa mwili wake badala ya kile cha msaada kinachompa kidonda kipya. Kule mtu anayegeuza analipwa kwa hiyo anaonekana kwenye hesabu. Kwetu kuumia mgongo ni rahisi kwa sababu dada Hawa hatoi ankara.

Na wakati huohuo, hela ya kulipia haya ipo. Hii ndo sehemu inayonipandisha presha. Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umeanza kazi 2015, na kwa karatasi ni mzuri kuliko watu wengi wanavyojua. Mwajiri ndo anachangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Unalipia matibabu, unalipa asilimia 70 ya mshahara wakati mtu hawezi kufanya kazi, na akibaki na ulemavu wa kudumu wa moja kwa moja analipwa pensheni kila mwezi maisha yake yote, na kuna posho ya yule anayemhudumia. Soma tena hiyo ya mwisho. Sheria imeshamwona dada Hawa. Majirani zetu Kenya kwa sheria yao ya 2007 wanakokotoa fidia ya ulemavu wa kudumu kwa mshahara wa miezi 96, ambayo ni miaka minane, sasa kijana wa miaka 27 akitunzwa vizuri anaweza akaishi miaka thelathini na zaidi akiwa kwenye kiti, hiyo ya tisa mpaka thelathini anakula nini? Kwa hiyo kwa muundo, wa kwetu naona umekaa vizuri zaidi.

Mchango wa mwajiri wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mshahara. Fanya hesabu ya Saidi. 360,000 mara 0.5 kwa mia ni 1,800 kwa mwezi. Elfu moja na mia nane. Chipsi yai haipati.

Tatizo ni kwamba ili uingie lazima awepo mwajiri, na hapo ndo tulikwama. Mwenye nyumba anasema mimi nilimpa kazi mkandarasi. Mkandarasi, ambaye kwa kweli ni jamaa mwenye pikapu na mhuri, anasema mimi nilimpa lebo, yani kazi ya mikono, fundi mkuu. Fundi mkuu anasema hawa vijana wanakuja wenyewe asubuhi, mimi ninao kwa siku, na jina kamili la Saidi alikuwa halijui mpaka siku ya hospitali. Kila mmoja ukimsikiliza peke yake unaona ana hoja. Hakuna mkataba, hakuna orodha ya mishahara, malipo ni ya mkononi jioni. Nikaenda kuuliza kwa wakili mmoja tunayefahamiana, akasema kesi ipo, ila leteni kitu chochote kilichoandikwa kinachoonyesha huyu alikuwa analipwa pale. Chochote.

Na msiniambie mtu wa kutwa hawezi kulindwa kwa sababu hana mwajiri mmoja. Pemba mchuma karafuu naye anapanda mti wa huyu leo na wa yule kesho, na bado Shirika la Biashara la Zanzibar, ZSTC, ambalo ndo linanunua karafuu, limekuwa likitoa fidia kwa wanaoanguka mikarafuu. Sijasema inatosha. Nasema walitafuta mahali ambapo hela inapita, ambapo hapakwepeki, wakabandika wajibu hapohapo. Kwenye ujenzi hela inapita wapi? Kwenye kibali. Huwezi kuinua ghorofa bila kibali cha halmashauri, na ukishakadiria gharama ya jengo unajua kwa ukaribu vibarua watakula kiasi gani. Kata ile nusu kwa mia pale dirishani, kabla ya tofali la kwanza, kwa jina la jengo, na yeyote atakayeanguka kutoka kwenye jengo lile awe ni wa jengo lile. Mwenye nyumba atalalamika. Atalalamika kidogo kuliko alivyolalamika bei ya tailzi.

Basi nikamfuata fundi nikamwomba daftari lake, maana naye ana la kwake, kila fundi analo. Hakukataa. Mtu mzima, mstaarabu, na lile jambo lilimwuma, hata usingizi anasema ulimpotea. Akalitoa kwenye mfuko wa nyuma, limelowa jasho na simenti, akanitafutia ukurasa. Majina ya vijana kwa kifupi, vistari vya siku, hela. "Side", siku nne, 60,000, kuna palipoandikwa kata 10,000 ya advansi. Wiki inayofuata Jumatatu kistari, Jumanne kistari, na Jumatano kistari kifupi.

Nikamwuliza hiki kifupi ni nini. Akasema hiyo ni nusu siku, alidondoka saa tano.

Nikapiga picha nikaituma kwa wakili. Jioni nilipita kwa dada Hawa kumwonyesha, akafungua lake ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya pampasi na glavu, kuna mstari mmoja peke yake upande wa mapato: "Fundi kaleta hospitali, ya Saidi, 7,500."